Vigelegele Juu ya Kinanda

Mimi mdomo wangu haujawahi kuomba ruhusa, na mwaka ule nusura unifukuzishe kazi.

Nilikuwa nikipika chai na kufagia kwenye karakana moja kule Dubai Investments Park. Bosi, ambaye sote tulimwita sir, alikuwa mzee wa Kizungu anayefufua vinanda vya kale, vile vya mabomba vinavyojipiga vyenyewe. Unazungusha gurudumu, karatasi ndefu yenye matundu inapita, upepo unaingia mabombani, wimbo unatoka. Mara ya kwanza nilizunguka nyuma kumtafuta mpigaji. Haki nilimtafuta!

Kimoja kilimchukua miaka mitatu. Karatasi yake ya zamani ilikuwa imeliwa na panya, kwa hivyo mkewe, huko kwao Ulaya, akatoboa mpya kwa mkono, tundu baada ya tundu, hata alipougua na kulazwa. Kinanda chenyewe hakuwahi kukisikia. Sasa madaktari walisema siku zake zimebaki chache, na arbab, yule tajiri mwenye kinanda, alikuwa anakuja kukichukua saa sita mchana. Tulikuwa na asubuhi hiyo moja tu ya kukirekodi ili mama yule asikie kazi yake.

AC ilizimwa kwa sababu inavuma. Mwezi wa Agosti, fikiria! Sir alizungusha gurudumu, mimi nikasimama kando na taulo, nimpanguse jasho lisidondokee karatasi. Rekodi ya kwanza iliharibiwa na foklifti, gari la kuinulia mizigo la ghala jirani, likirudi nyuma, pii-pii-pii. Ya pili vilevile. Sir akatoka mwenyewe kumsihi dereva azime.

Ya tatu ikaenda. Wueh! Mabomba madogo yalianza yakiitana polepole, kisha makubwa yakaingia, nikayasikia hadi kwenye nyayo. Nilikumbuka kwaya yetu kanisani nyumbani, nikasahau niko kwa nani. Kwetu wimbo mtamu hauachwi uishe kimya, watu watasema una kijicho. Sauti ya mwisho ikiwa bado hewani, nikapiga vigelegele. Virefu! Na taulo nikairusha juu.

Sir aliachia gurudumu. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Khalas," yaani basi, imekwisha, na nje lori la arbab lilikuwa limeshaanza kupiga honi.

Huko Al Nahda nilikokuwa nikiishi, mwenzangu wa chumba aliniuliza, "Kwani ulifikiri umeenda harusini?" Sikucheka. Nilijifungia bafuni nikalia hadi watu wakagonga mlango. Sikuwa nikililia kazi. Nilimlilia yule mama, miaka mitatu anatoboa matundu, halafu mimi na mdomo wangu.

Siku nne nilimwekea sir chai, akainywa akitazama ukuta. Siku ya tano akaniita, nikajua leo napewa tiketi ya kurudi nyumbani. Akaniambia rekodi aliituma hivyohivyo, maana hakuwa na nyingine, na mkewe amejibu. Akabonyeza simu.

Sauti ilikuwa nyembamba, pumzi inakwaruza. "Niliogopa kwamba kitalia peke yake, hakuna wa kukifurahia. Huyo mwanamke ni nani?" Kisha, jamani, akajaribu. Mama wa watu, kitandani alipolala, alijaribu kupiga kigelegele! Kilitoka kama mtu anayesukutua koo. Akakohoa, akacheka, akajaribu tena.

"Amepatia?" sir akaniuliza.

"Hapana, sir. Amekosea kabisa. Ulimi hauendi hivyo."

Alicheka, machozi yakimtiririka kwenye ndevu. Halafu akabonyeza simu ianze kurekodi, akanisogezea mdomoni.

"Mfundishe," akasema. "Yalla. Haraka."