Bluu, Nyekundu na Ukuta wa Plaiwudi

Nimezunguka sana maishani. Nimeishi Mwanza, nimeishi Entebbe, nimekaa Mombasa mpaka nikazoea joto lake, na kila mara nimerudi ziwani. Sasa nimepanga chumba karibu na Dunga, Kisumu, na mali yangu kubwa ni diski iliyojaa video. Kila nilipopita Usenge, kwetu, nilipiga picha kwa kamera ndogo: boti zikivutwa mchangani, omena, wale dagaa wa ziwani, wakianikwa juu ya nyavu, akina mama wakivutana bei na wanunuzi. Hakuna aliyenituma. Mimi ni mtu anayeogopa kusahau, basi.

Kisha akafariki mwenyekiti wa chama cha akina mama wauza omena pale Usenge, ambaye ndiye aliyekianzisha. Walipokuwa wakitayarisha ibada ya ukumbusho, wenzake waligundua kwamba hakuna mwenye sauti yake. Picha za simu walikuwa nazo, amesimama wima kwa nguo ya kanisa, mdomo umefungwa kama mtu mwingine kabisa. Sauti ilikuwa kwangu peke yangu. Nikawaahidi filamu siku ya Jumamosi.

Kuikata na kuipanga nilimaliza. Ilibaki kuipika, yaani kompyuta iviunganishe vipande vyote viwe filamu moja. Kompyuta yangu ilihitaji siku nzima kwa kazi hiyo, na mtaani kwetu umeme hauna siku nzima. Ilifika katikati, stima ikapotea, tukaanza upya. Ikapotea tena. Alhamisi nikaamua: prosesa hii, ubongo wa kompyuta, imezeeka, naibadilisha.

Mjini kuna maduka mawili ya vipuri vya kompyuta yaliyotenganishwa na ukuta wa plaiwudi tu. La kushoto ni la mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja Kisumu kutoka pwani kufanya biashara. La kulia ni la mama mmoja wa mtaa wa Kondele. Mzee anauza prosesa za ile kampuni ya nembo ya bluu, Mama anauza za mahasimu wao wa nyekundu, na wote wawili wanasikia kila neno la upande wa pili. Nilifika na kasha la kompyuta begani nikasema nataka prosesa. Sikusema ipi.

"Karibu, Bwana," Mzee akasema. "Ukitaka kitu cha haraka, kaa hapa."

"Na ukitaka kukaanga ngege, samaki mzima, pia kaa hapo," Mama akajibu kutoka nyuma ya plaiwudi. "Hiyo ya Mzee inachemka, hauhitaji jiko."

"Ya Mama ina viini vingi, kweli. Kama harambee. Watu wamejaa uwanja mzima, wanaotoa ni wawili."

Nilicheka, lakini ndani nilikuwa nimeshaamua kwa akili ya pwani ya ziwa. Kila prosesa ina viini, na kila kiini hufanya kazi kama mpiga kasia mmoja. Kwetu mtoto mdogo anajua kwamba boti yenye wapiga kasia wengi ndiyo inayofika kwanza. Nikamwambia Mzee hivyo.

Hakunicheka. Alinieleza kwamba wengi husaidia pale tu ambapo kazi inaweza kugawanywa. Ukiwa unakata video, unabonyeza hapa, unangoja, unabonyeza pale, anayekusaidia ni yule mmoja mwenye mkono mwepesi, na huyo anapatikana kwake. Nikaanza kuyumba. Kisha akauliza, "Wewe kazi yako imebaki ipi? Kukata au kupika?"

"Kupika tu. Ni ya ukumbusho wa mwenyekiti wa akina mama wa Usenge, Jumamosi."

Mzee akalifungua kasha langu, akauangalia ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, mazabodi.

"Kupika kunagawanyika," akasema. "Na mazabodi yako ni ya kina nyekundu. Mimi nikikuuzia yangu, utabadilisha na huu ubao na nusu ya vitu vingine, na Jumamosi itakupita. Nenda kwa Mama."

Mama akasema kutoka upande wa pili, "Mzee, uko mgonjwa?"

Mama alipachika prosesa mpya, akawasha. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Akaniuliza ile ya zamani iko wapi. Nikatoa mfukoni kopo la mafuta ya kujipaka. Niliing'oa asubuhi nikaihifadhi humo kwa pamba.

"Nyinyi watu wa boti," akasema. "Kila mmoja anakuja hivi."

Alisema kweli. Ufukweni kwetu, anayekwenda kununua injini huacha boti yake tupu kwanza, ya zamani ameshaifungua, ili muuzaji ajue huyu hakuja kutembea. Lakini mazabodi yangu ilikuwa ya zamani na haikuijua prosesa hii mpya. Ilitakiwa ifundishwe, iwekewe programu mpya, huku ile prosesa ya zamani ikiwa bado kitini. Ni kazi ya dakika chache. Shida yake ni moja: umeme ukikatika katikati ya somo, ubao unakufa, na mwingine wa aina hiyo mjini haukuwepo.

Taa za duka zilikuwa zikipepesa tangu nilipofika. Mama akairudisha prosesa ya zamani mahali pake, akachomeka flashi yenye programu, halafu mkono wake ukakaa juu ya kibodi bila kubonyeza.

"Siwezi," akasema. "Hii ikifa, nitawaambia nini hao akina mama wa Usenge?"

Plaiwudi ile ina tundu chini, wanapopitishia chai. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, na kwenye tundu ikatokea betri ya akiba ya Mzee, ile ambayo umeme wote wa duka lake hupitia. Kwake kukawa giza. Mteja mmoja akalalamika.

"Mzee, na watu wako?" Mama akauliza.

"Watangoja. Wakichoka kungoja, waje huko wakutukane wewe."

Mama akaunganisha, akabonyeza. Mstari mweupe ukaanza kutambaa kwenye skrini. Haukuwa umefika nusu wakati stima ilipopotea jengo zima: redio ya jirani ikakatika katikati ya tangazo, mashine ya fotokopi ng'ambo ikanyamaza. Mstari uliendelea. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza, na Mzee alikuwa amekuja mlangoni kwa hasimu wake, amesimama bila kuingia, anautazama mstari wa kina nyekundu kama unaomhusu. Ukafika mwisho. Mama akaipachika tena prosesa mpya, na safari hii skrini ikawaka.

"Sasa nirudishie betri yangu," Mzee akasema, "kabla haijazoea uvivu wa huku."

Nimeona miji mingi na wafanyabiashara wengi. Wale wawili wangali wanatukanana kila asubuhi, na sijui ushindani mwingine ninaoupenda hivyo.

Ijumaa filamu iliiva kabla chai yangu haijapoa vizuri, na stima haikupata nafasi ya kupotea. Jumamosi, Usenge, tulining'iniza shuka jeupe ukutani ndani ya kanisa. Mwenyekiti akatokea amejifunga leso yake ya kazini, ameshika kiuno, akimwambia mnunuzi mmoja atoe kidole kwenye mizani. Wanawake wakacheka huku wakilia. Kisha, kwenye kipande nilichokuwa nimekaribia kukitupa, akageuka kutazama ziwa na kuita kwa sauti ile kubwa, "Anueni omena, mvua inakuja."

Kwenye benchi la mbele wanawake watatu wakainuka. Mmoja alikuwa ameshafika mlangoni ndipo akakumbuka.