Mvua ya Mawe Kando ya Singidani

Nilipopata kiharusi nilikaa nyumbani Utemini miezi saba bila kushona hata kifungo. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea, na mguu wa upande huohuo nilikuwa nauburuta kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Mwanzoni wateja walikuja kunijulia hali. Baadaye wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo nilikuwa sijavikata. Mke wangu alivikunja vizuri akawarudishia, na mimi nilibaki chumbani nikijifanya nimelala.

Marafiki wawili hawakuacha kuja. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kinampanda, ambaye ni rika langu. Mwingine ni mstaafu wa reli, Mgogo wa Manyoni, aliyetuzidi miaka kama kumi na mitano. Huyo tunamwamkia shikamoo kila tunapokutana, hata kama jana yake alitufunga bao na kututania mpaka jioni. Kabla sijaugua, sisi watatu tulikuwa tunakwenda Ziwa Singidani kuvua kwa ndoano karibu kila Jumamosi. Hatukuwa na mtumbwi wala nyavu. Tulikaa tu juu ya mawe ya ufukweni, kila mtu na fimbo yake.

Jumamosi moja ya Februari nikasikia bajaji inasimama nje. Mwalimu alibaki ndani yake, mzee akaingia bila kubisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vaa kofia, twende."

"Mzee, mimi hata ndoano siwezi kuifunga."

"Sijakuuliza kama unaweza. Nimesema vaa kofia."

Nilimtazama mke wangu nikitegemea atanitetea. Alikuwa ameshasimama mlangoni, kofia mkononi. Ndipo nilipojua kwamba wamepanga wote watatu.

Ufukweni walinipandisha juu ya jiwe letu la zamani, mmoja akinivuta na mwingine akinisukuma. Lina urefu kama wa paa la nyumba, na upande mmoja limeinama juu ya maji. Mwalimu alichukua mshipi wangu, akafunga ndoano, akachomeka chambo, akanirudishia fimbo. Muda wote huo hakunitazama. Alikuwa anasimulia habari za mwanafunzi wake mmoja aliyeandika kwenye mtihani kwamba kazi ya figo ni kuliwa na wageni. Aliifanya ile kazi kama vile ndivyo ilivyokuwa siku zote, na nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutonitazama.

Kufikia saa sita nilikuwa nimepata perege watatu, wadogo, wa kujaa kiganja. Mwalimu alikuwa na wawili. Mzee hakupata kitu, akasema ni kwa sababu sisi tunaongea sana.

Wingu lilitokea nyuma yetu, ndiyo maana hatukuliona mapema. Kwanza upepo ulibadilika ukawa baridi. Ndege waliokuwa wamesimama kwenye maji mafupi wakaruka wote kwa mpigo. Nilipogeuka, upande wote wa mashariki ulikuwa mweusi, na chini ya ule weusi kulikuwa na ukuta mweupe unaokuja mbio. Radi ikapasuka.

"Acheni fimbo!" mwalimu akapiga kelele. "Tushuke! Tutapigwa hapa juu!"

Kupanda nilipandishwa. Kushuka ilikuwa kitu kingine. Jiwe lilikuwa limeanza kulowa na mguu wangu haukuwa na habari ya mahali unapokanyaga. Nilikaa chini nikasema, "Nyie tangulieni. Nitakuja polepole."

Naomba niseme ukweli hapa. Maneno yale hayakuwa ya ushujaa. Kwa miezi saba kulikuwa na kitu ndani yangu kilichokuwa kinanong'ona kwamba mimi ni mzigo, na pale juu ya jiwe kile kitu kilipata nafasi ya kusema kwa sauti. Niliona afadhali waniache.

Mzee alinikazia macho. Alikuwa ameshaelewa.

"Nimefanya kazi reli miaka thelathini," akasema. "Sijawahi kuacha behewa njiani. Leta huo mguu."

Akatangulia kushuka kinyumenyume, yeye mwenye magoti yanayolia akichuchumaa. Alikuwa anakamata kifundo cha mguu wangu mbovu, anautafutia ufa kwenye jiwe, anauweka, kisha anasema, "Haya." Mwalimu alikuwa juu yangu, amelishika bwelasuti langu la zamani kwa nyuma kama mtu anayeteremsha gunia. Tulikuwa katikati mvua ya mawe ilipotufikia. Yalikuwa makubwa kama karanga, mengine kama ndimu changa, na yaligonga kweli. Mwalimu aliona kichwa changu kiko wazi kwa sababu kofia ilikuwa imepeperuka. Akanyakua ndoo ya samaki akanifunika nayo, bila kukumbuka kuimwaga kwanza. Perege wote watano na maji yao wakanitelezea shingoni mpaka ndani ya nguo. Mmoja alikuwa bado mzima.

Chini hatukukimbilia miti. Mwalimu alituongoza mpaka kwenye bonde dogo la mchanga, tukachuchumaa tukiwa tumekumbatiana, ndoo bado kichwani kwangu. Radi moja ilipiga karibu kiasi kwamba mwanga na mshindo vilifika pamoja. Mzee akaanza kusoma dua. Mwalimu, ambaye ni mzee wa kanisa, akaanza kusali kwa Kinyiramba. Mimi niliitikia amina kwa wote wawili. Nilisikia mioyo yao ikigonga huku na huku mbavuni mwangu, na nikatambua kwamba wao pia wanaogopa, na kwamba wangeweza kuwa mbali sana muda ule.

Mawe yalipokwisha ikabaki mvua ya kawaida, lakini korongo lililo kwenye njia yetu lilikuwa limejaa maji mekundu. Hapakuvukika. Tukaelekea kwenye nyumba ya karibu, yenye shamba la alizeti lililokuwa limelala lote chini. Mama mmoja alitoka barazani. Alikuwa ametoka kupoteza mazao yake nusu saa iliyopita, na bado jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Shikamooni, baba zangu. Ingieni, mtaugua."

Nilimwitikia kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, akafurahi. Akachochea moto jikoni, akatupa khanga tatu kavu na kutuelekeza chumba cha kubadilishia. Tulipotoka, mzee alikuwa amejifunga khanga ya maua mekundu mpaka kwapani. Mwalimu alikuwa na ya njano, na kitambi chake hakikuenea. Mimi nilishindwa kufunga kwa mkono mmoja, hivyo mwalimu alikuwa amenikazia fundo shingoni kama mtoto anayekwenda kunyolewa. Yule mama alijaribu kujizuia. Akaangalia sufuria, akaangalia ukuta, mwisho akaangua kicheko mpaka akaketi chini.

Nami nikacheka. Tangu niugue nilikuwa sicheki mbele za watu, kwa sababu mdomo ulikuwa unakwenda upande. Siku ile ulikwenda upande na sikukumbuka kuufunika. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na hayo machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Mzee aliyaona, akaniwekea mkono begani, akaendelea kuota moto.

Tulikula ugali wa mtama na mlenda. Mpaka leo sijala chakula kilichonipendeza kuliko kile. Maji ya korongo yalipopungua tulimuaga, tukampa pole kwa alizeti yake, naye akasema nyingine itanyanyuka jua likitoka. Wiki iliyofuata mwalimu na mzee walirudi na majembe wakamsaidia kuinua iliyoweza kuinuliwa. Mimi nilikwenda nikakaa barazani, nikamshonea pindo la pazia kwa sindano ya mkono, nikikibana kitambaa kwa goti. Ilinichukua asubuhi nzima. Pindo lilikwenda kombo kidogo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu niugue.

Miaka kadhaa imepita. Mkono haujarudi wote, ila cherehani inazunguka, na wateja wamezoea kungoja. Siku ile ya mvua, tulipofika nyumbani kwangu na matope mpaka magotini, niliwashika mikono pale getini nikawaambia asanteni. Mwalimu akasema niache mambo ya ajabu, niingie ndani nikaoge. Mzee alisema tu, "Na wewe asante, kwa kuuleta ule mguu."

Alilisema hilo bila utani wowote, kisha akageuka wakaondoka.