Dada Yangu na Safari ya Kupangiwa

Dada yangu alipotoka edani, watoto wake walimlipia safari ya kutoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac, kusini. Wakala alikuwa amepanga kila kitu: kosta yenye kiyoyozi, hoteli kando ya ziwa, chakula, hata saa ya kuoga. Dada hakutaka kwenda peke yake, kwa hiyo mimi mdogo wake nikaambiwa nimsindikize.

Mimi safari yangu ni begi moja na gari lolote linaloelekea ninakotaka. Nimelala kwa watu nisiowajua, nimekula mihogo pembeni mwa barabara, na mara nyingine nimejua ninakokwenda baada ya kufika. Ndani ya ile kosta nilijiona kama kifurushi. Tukapita Kibenga, tukapita Rumonge, michikichi ikakimbia dirishani, na kila nilipoona soko miguu ilinicheza. Dereva hakusimama.

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, mama aliyetusimamia alipiga filimbi ili twende kupiga picha ufukweni.

"Dada, tutoroke," nikamnong'oneza. "Kule mlimani kuna soko. Tuchukue pikipiki, mchana tutakuwa tumerudi, kabla kosta haijaondoka."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu mchangani.

"Apana," akasema. "We nenda. Mi nimechoka kupanga. Wakati wote shemeji yako alikuwa kitandani, ni mi nilijua dawa ya asubuhi, maji ya kuoga, nani analala nae hospitali. Leo acha mutu mwingine aniambie kula, nikule. Aniambie kaa, nikae."

Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Kisha nikaenda.

Sokoni nilikula maharage na ndizi kibandani kwa mama mmoja aliyekicheka Kirundi changu cha mjini. Chini bondeni wanaume walikuwa wanakamua mawese, wakanikaribisha nisukume nao mti unaozungusha mashine, mafuta mekundu yakatiririka, nami nikajisikia mzima kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. Hata hivyo hazikupita dakika nyingi nikaanza kuwauliza barabara ile inaendelea mpaka wapi.

Kurudi ndiyo ikawa kazi. Pikipiki niliyoikodi iliishiwa mafuta, na hapakuwa na pa kuyapata. Nilitembea mpaka lori la madumu ya mawese likanichukua. Nilipofika hotelini wahudumu walikuwa wanapangusa viti. Kosta ilikuwa imeondoka.

Simu ikalia.

"Walikungojea, mudogo wangu, wakachoka," dada akasema. "Begi lako niko nalo. Utafika?"

"Nitafika."

"Najua."

Dereva wa lori alikuwa anashuka Bujumbura, nikaendelea naye. Niliingia Buyenzi kwa dada wakati wa magharibi, nguo zikinuka mawese. Dada alikuwa mkekani uani, kitenge chake kikidondosha maji kwenye kamba.

"Niliingia mu ziwa," akasema, hata salamu hajaniitikia.

Tumezaliwa karibu na maji yale, na baba alikuwa ametukataza hata kulowesha miguu. Dada hakuwahi kuingia, maisha yake yote.

"Yule mama wa filimbi alinishika mukono. Na wanawake wawili wa Kinindo, hata hatujuani. Nikaingia na nguo zangu, maji yakafika hapa." Akagusa kifua. "Nikalia, nikacheka, nikalia tena. Hakuna mutu aliniuliza kitu."

Nikamuuliza kama maji yalikuwa ya baridi, kama aliogopa, kama alizamisha kichwa. Alinijibu yote taratibu. Nilitamani ningekuwepo, na papo hapo sikutaka kuipoteza ile asubuhi yangu ya bondeni. Nilishindwa kukaa, nikawa nazunguka uani.

"Watoto wanasema watanilipia tena," akasema. "Utakuja?"

Nilisema ndiyo, na nilikuwa nasema kweli. Lakini hata kabla hajachagua tarehe, nilikuwa nimeshapanda gari la Cibitoke, upande wa kaskazini, sijui nitalala wapi.