Mie na Jeshi Basi Tena

Nawasimulia nyinyi bila aibu, maana kambini kwetu Masasi wameshajua wote. Mimi mgeni pale, na kazi yangu ni kukisia nani atabaki mkataba wake ukiisha na nani atatuacha, ili kambi isipungukiwe watu. Najisifu kwa masikio makali.

Juzi nikamsikia Koplo Zainabu, dereva wetu hodari, akimwambia mama yake aliyeko Kitangari kwenye simu: "Mama, mie na jeshi basi tena. Nimechoka."

Sikuuliza. Nikakimbia kwa mkuu wa kambi kama niliyeokota dhahabu: "Afande, Zainabu anaondoka. Tutafute dereva mwingine."

Mkuu akamwita papo hapo. "Koplo, jeshi limekukosea nini?"

Zainabu akanitazama. "Afande, jeshini nipo mpaka nistaafu. Niliyemchoka ni Jeshi, mchumba wangu."

Nikacheka, peke yangu. Ndipo nikamkumbuka mke wa mkuu, ambaye kila asubuhi namwamkia "Shikamoo, Mama Jeshi", nikidhani ni heshima ya cheo cha mumewe.

Mkuu akavua kofia taratibu.

"Jeshi wangu?"