Korongo wa Pili

Pale Evere, huku Ubelgiji, ghorofa ya juu yetu aliishi mama mmoja wa Kijapani, mjane wa Mbelgiji. Tulizungumza kwa Kifaransa cha kuokoteza, chake kibovu, changu kibovu zaidi, na tulielewana vizuri mno. Binti yangu alipochumbiwa, mama yule akasema zawadi yake itakuwa mchoro wa majira ya machipuko, wa kuning'iniza ukutani. Angechora maua ya mplamu, ambayo hufunguka theluji ikiwa bado ipo, ndiyo uvumilivu, na korongo wawili, maana kwao korongo ni ndege wa mwenzi mmoja maisha yote. Mimi nitoe kitambaa cha kuuzungushia, ili na sisi watu wa Tanga tuwemo.

Nikampelekea kisutu, ile kanga yetu ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Akakitazama, akakiweka mezani, nikajua nimeharibu. Kwa upole akaniambia kwamba kwao nyeusi na nyeupe ni rangi za msiba, na nyekundu na nyeupe ni za furaha. Jamani! Nikamweleza kuwa hii ndiyo nguo ya bibi arusi wetu, mama yangu aliivaa, nami niliivaa. Akaipapasa kitambo, akacheka, akasema basi kitambaa hiki kina kila kitu.

Lakini mchoro ukachelewa. Wiki ya arusi nikapanda kwake, na mdomo wangu hauna breki. Mplamu ulikuwa umependeza, theluji imetulia, ila korongo alikuwa mmoja tu, kafunga mdomo. Nikamuuliza nani anampa bibi arusi ndege mpweke.

Hapo ndipo aliponiambia ukweli. Kila akimjaribu yule wa pili kwenye karatasi nyingine, mkono unamchora marehemu mume wake, vile alivyoinamisha shingo siku zake za mwisho. Hawezi kumwekea binti yangu huzuni ile ukutani, na wino ukishagusa karatasi haufutiki. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia tutaupokea hivyo hivyo, cha msingi aje Ijumaa kwenye singo, wanawake tutakapomsinga bibi arusi.

Akaja. Sebule ilijaa wanawake, Watanzania, Wakenya, na akina maman wa Kivu waliotoka mtaa wa Matonge na maneno yao ya kutuvunja mbavu. Binti yangu alikaa katikati, liwa usoni, kisutu kifuani. Mara mlango ukafunguliwa, bwana arusi huyo, na kreti ya soda, siku ambayo hatakiwi kabisa kuonekana! Tukamzingira kwa vigelegele, tukamtoza faini ya kucheza. Mtoto wa watu hajui kucheza hata kidogo, lakini alicheza, kainua shingo juu, anacheka mdomo wazi hadi machozi yanamtoka.

Jirani yangu akanyanyuka, akatoka bila kuaga. Moyo ukaniuma, nikajua tumemkumbusha yake. Kama nusu saa baadaye nikafungua mlango nimfuate juu, nikamkuta ngazini anashuka taratibu, karatasi ya mchoro ule kailaza juu ya ubao, wino haujakauka. Korongo wa pili alikuwapo, shingo juu, mdomo wazi, mguu mmoja umekosea hatua.

"Safari hii hakuja mume wangu," akaniambia. "Kaja mkwe wetu."