Pasi ya Kutafuta Maua

Siku yangu ya kwanza katika bustani ya boma la Meru nilikabidhiwa jembe, makasi ya kupogolea na onyo. Nyapara wa Bustani, mzee wa Kimeru, alitazama karatasi zangu akasema, "Wewe Muembu wa Kanja, hapa maua ikikufa, na kazi yako imekufa." Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakipambana na wapiganaji wetu wa msituni. Watu wetu walikuwa wamefungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na bila pasi, yaani karatasi ya ruhusa, huendi popote.

Ninyi mnaonunua miche kwenye mifuko ya plastiki mtanicheka. Sisi tulichekecha udongo, tukauchanganya na samadi iliyooza. Nilifunzwa kuhamisha mmea na bonge lake la udongo, mzizi usijue kama umehama.

Memsahib, mke wa Bwana DC aliyetawala wilaya, alipenda kuadhimisha majira ya kuchipua. Kwao Uingereza, baridi kali ikiisha, maua ya njano huchomoza na watu hushangilia. Basi kila mwaka, sisi tukingoja masika, yeye aliwaalika wageni kwa chai, tao la maua likapambwa langoni. Mwaka ule aliletewa matunguu kutoka kwao, yaani mizizi minene kama vitunguu, nikapewa mimi niyatunze. Wakati huohuo nikapata habari kwamba mke wangu, kule kijijini Kanja, amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana. Nikaomba pasi.

"Kwanza maua yangu," Memsahib alisema. "Ikitoka mzuri, mimi nasema na bwana."

Jamani, nilivyoyabembeleza! Yalitoa majani matupu. Baadaye nilikuja kujua kwamba bila baridi ya kwao hayachanui.

Zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya sherehe, mvua ikanyesha. Asubuhi ya sherehe yenyewe nikaona mteremko wa nyuma ya boma umejaa maua mekundu, ya duara, makubwa kama ngumi mbili. Ni maua ya porini, huchomoza mvua ya kwanza ikilowesha ardhi. Nilichimba thelathini na mabonge yake, nikayapandikiza katikati ya yale majani ya Uingereza.

Nyapara alipoyaona, jembe lilimtoka mkononi.

"Umerukwa na akili? Hii ni sumu ya mbuzi! Mama yako hakukukataza kushika? Watasema tulitaka kuua DC, tunyongwe sisi wawili!"

Hakuwa anatia chumvi. Miaka ile watu walitiwa kizuizini kwa makosa madogo kuliko hilo. Kabla sijang'oa hata moja, Memsahib akatokea.

"Memsahib," nilisema, "ya kwenu yamekataa. Haya ni ya hapa, yanangoja mvua tu. Lakini yana sumu, mtu asile."

Aliinama, akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga makofi kama mtoto. "Kumbe majira ya kuchipua hapa pia iko!"

Akaamuru mengine yapambe tao, mbali na meza za keki. Nyapara akashusha pumzi. Wageni walimiminika kuyatazama, nami nikajiona nimepanda cheo.

Memsahib akasema na bwana wake kama alivyoahidi, naye Bwana DC akanipa ruhusa ya siku mbili. Ila kumwona mtoto hakukuwa sababu ya kupewa pasi, kwa hivyo akaandika: "Anatumwa Kanja kutafuta maua." Katika kila kizuizi askari walicheka, nami nikawaonyesha kikapu kitupu. Nilipomshika binti yangu nililia na kucheka pamoja. Siku ya pili mimi na mke wangu tulichimba matunguu ya maua yale mekundu, mtoto akiwa mgongoni mwake, nisije nikarudi mikono mitupu. Hadi leo naona uchungu kwamba nilihitaji kisingizio kumwona mwanangu.

Nilifanya kazi katika bustani za Meru na Embu hadi nilipostaafu, mwenyewe nikiwa Nyapara. Pasi ile ningali nayo kwenye mkebe. Juzi binti yangu, ambaye sasa ni nyanya mwenye wajukuu, aliisoma akanuna.

"Baba, mimi hata sijaandikwa hapa."

Nikamshika mkono, tukatoka hadi kwenye uzio wa michongoma. Mvua ilikuwa imenyesha, na ua jekundu lilikuwa limechomoza.

"Matunguu yote tuliyochimba siku ile yalikwenda kwa Memsahib," nilimwambia. "Isipokuwa hili. Hili nililiacha kwa mama yako, liwe lako."