Mfumaji wa Shiro Meda Anayeiacha Simu Ilie

Saa mbili asubuhi, mvua ya Nehase, mwezi wa Agosti wa Kihabeshi, inapiga bati, na Bezabih Anjulo amezama hadi kiunoni katika shimo la kitanda chake cha kufumia. Miguu inakanyaga, mikono inarushiana kijiti cha uzi. Simu yake, iliyoning'inia msumarini ndani ya soksi, inalia.

Hageuki.

Inalia tena. Dalgo, mfumaji wa kitanda cha pili, anamwambia huenda ni mkwe analeta posa. Bezabih anamaliza kwanza ua jekundu kwenye pindo la shali, anafuta mikono, ndipo anapanda. Aliyepiga ni mteja.

"Mwenye shida ya kweli atapiga tena," anasema. "Mwenye haraka sana, huyo namwogopa."

Ana miaka hamsini na minne, na amefuma tangu akiwa na miaka tisa, kabla hajateremka kutoka milima ya Gamo kuja Addis Ababa. Mtaa mzima wa Shiro Meda unamjua kwa mambo mawili: mapindo yake, na jinsi alivyoibiwa.

Miaka miwili iliyopita mteja mmoja nadhifu alimwonyesha kwenye simu picha ya malipo ya birr 19,000. Bezabih akamfungia magabi manane, mashuka mazito ya pamba, tena akambebea hadi kwenye teksi. Fedha haijaingia mpaka leo. Wenzake wakambatiza Gashe Picha, yaani Mzee Picha, na kwa mwaka mzima kila aliyedaiwa kahawa alijitolea kumlipa kwa picha.

Akajifunza kutotoa nguo mpaka aone fedha ndani ya akaunti yake mwenyewe. Akadhani amehitimu.

Kumbe somo la pili lilikuwa njiani. Kila Nehase, kabla ya mwaka mpya, wakati mji mzima unataka nguo nyeupe, Bezabih, Dalgo na wafumaji wengine wawili huchanga fedha ya uzi na kuiweka katika akaunti yake. Safari hii zilifika birr 92,000. "Zikipotea hizo, vitanda vinne vinalala," anasema. "Msimu huu ndio unaotulisha hadi Pasaka."

Wiki tatu zilizopita, Jumanne, simu ililia akiwa shimoni. Siku hizo aliiweka mapajani, akaibana kwa bega. Sauti ilikuwa ya adabu, ilimwita Gashe, ilijua hata jina la baba yake. Ikasema inatoka benki, kuna mtu anaikomba akaunti yake sasa hivi, asome haraka tarakimu sita zilizoingia kwenye ujumbe ili wamzuie.

"Nilimwamini," anakiri. "Ningemsomea. Kwa kiapo cha mfumaji, ningemsomea."

Lakini kusoma kulitaka mikono, na mikono ilikuwa katikati ya ua. Ua likiachwa nusu, nyuzi hulegea na pindo huharibika. Akamwambia asubiri, imebaki mistari ishirini. Akaiweka simu ukingoni, sauti ikiwa juu, akaendelea kufuma.

Mstari wa tano, sauti ilibembeleza. Wa tisa, ilifoka. Wa kumi na mbili, ilimtukana mama yake.

"Hapo akili ikanirudia," anasema. "Benki wana foleni ya muda wa saa mbili, hawajawahi kunitukana kwa sababu ya mistari minane."

Alimaliza ua, akazima simu, akatembea kwenye mvua hadi tawi la benki. Karani, Hiwot, akamwonyesha kwamba fedha yote ipo. Akamweleza kuwa tarakimu zile ndizo ufunguo wenyewe, na benki haimwombi mtu ufunguo wake. Kisha akambadilishia namba ya siri, maana ilikuwa mwaka aliozaliwa bintiye Mihret, na kichochoro kizima kilikula mkate wa sherehe ya kuzaliwa kwake.

Mkewe, Zenebech, anayesokota pamba mlangoni, hakubali hadithi ya akili. "Ni ukaidi tu," anasema. "Miaka thelathini chakula kinapoa nikimsubiri amalize ua. Angalau mara moja umetufaa, Baba Mihret."

Uzi umenunuliwa. Vitanda vinne vinagonga. Baada ya sikukuu ya Meskel, Bezabih anapanga kufungua akaunti ya pili isiyounganishwa na simu kabisa, ya fedha ya uzi peke yake. Hiwot naye ameahidi kuja Jumapili moja kuwafundisha wasokotaji, ambao wengi bado huandika namba ya siri nyuma ya simu.

Wiki iliyopita sauti ile ilipiga tena, safari hii ikijiita idara ya usalama. Bezabih alimaliza ua, akapokea, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba kwa sauti ilivyokauka, bila shaka anapigwa na baridi, na anaweza kumuuzia gabi zito.

"Ila ulipe kwanza, mwanangu," akamwambia. "Na picha sichukui."